3M 6200: barakoa moja kwa kazi nyingi, na mahali ambapo haitakuokoa

Barakoa ya kijivu yenye filta mbili mashavuni, ile inayoning'inia kwenye maduka ya vifaa vya usalama Kariakoo na Industrial Area ya Nairobi, mara nyingi ni 3M 6200 au ni ya kuiga. Tumeipima kwa kufuata aina ya kazi, kwa sababu swali la kama ni nzuri halina jibu mpaka ujue fundi anavuta nini: vumbi la zege, moshi wa kuchomelea, mvuke wa thina au gesi ya shimo la choo. Kwa vumbi na moshi wa kuchomelea ni kifaa kizuri sana. Kwa thina ni kizuri ukinunua katriji sahihi na kuitupa kwa wakati. Kwa shimo la choo, ukishuka nayo utafia nayo.

Unachonunua hasa

Wengi hushtuka wakifika nyumbani: 6200 inauzwa bila filta. Unalipia uso wa mpira, mikanda na vali. Filta ni manunuzi mengine, na ndiyo yanayokula fedha mwaka mzima, maana uso ukitunzwa hudumu miaka. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kwanza kama duka lina filta za kazi yako na kama litaendelea kuwa nazo. Uso usio na filta za kubadilisha ni pambo la ukutani.

Namba inaonyesha saizi: 6100 ni ndogo, 6200 ya kati, 6300 kubwa. Ukikuta duka lina 6200 peke yake, usikubali kuambiwa kwamba "inamkaa kila mtu". Nyuso nyembamba, hasa za wanawake wengi, zinahitaji 6100. Barakoa kubwa kuliko uso huvuja kando ya pua na chini ya kidevu hata ukaze mikanda namna gani, na kukaza kupita kiasi hukunja ukingo na kuongeza uvujaji.

Uso wenyewe ni mwepesi, chini ya gramu 100. Una vali tatu: mbili za kuvutia hewa, nyuma ya filta, na moja ya kutolea hewa mbele. Filta huingia kwa kulinganisha alama kisha kuzungusha robo mzunguko. Mfumo huo wa kuzungusha ndio sababu kubwa ya kuipendelea 6200, kwa kuwa filta zilezile huingia kwenye barakoa nyingine za 3M za nusu uso, 6500 na 7500, na kwenye barakoa za uso mzima za 6700, 6800 na 6900. Karakana yenye mafundi kumi inaweza kuweka akiba ya aina moja ya filta na bado kila mtu akavaa uso unaomfaa.

Ina kasoro. Ni ya moto. Baada ya saa moja ya kazi nzito katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, jasho hukusanyika ndani na kudondoka kupitia vali ya mbele. Ukitaka kunywa maji lazima uivue yote, wakati 6500 yenye kitasa cha haraka unaishusha shingoni bila kuvua kofia ngumu. Pia 6500 na 7500 zina silikoni inayokaa vizuri zaidi usoni kwa mtu anayevaa kutwa nzima. Anayevaa saa moja au mbili kwa siku hana haja ya kulipia tofauti hiyo. Anayevaa saa nane ailipie, kwa sababu barakoa inayokera huvuliwa katikati ya kazi, na hapo hesabu zote za filta hazina maana tena.

Rangi ya katriji: mtego wa mifumo miwili

Sokoni kwetu zinaingia bidhaa za mfumo wa Marekani (NIOSH) na za Ulaya (EN) zikiwa kwenye rafu moja, na rangi hazilingani. Katika mfumo wa Marekani, nyeusi ni mvuke wa vimiminika vya kikaboni kama thina na petroli, nyeupe ni gesi za asidi, njano ni vyote viwili kwa pamoja, kijani ni amonia, na waridi iliyokolea ni chembechembe za daraja la P100. Katika mfumo wa Ulaya, kahawia (herufi A) ndiyo mvuke wa thina, kijivu (B) ni gesi kama klorini, njano (E) ni dioksidi ya salfa na gesi za asidi tu, kijani (K) ni amonia, na nyeupe (P) ni chembechembe.

Kwa hiyo katriji ya njano ya Marekani inazuia thina, na ya njano ya Ulaya haizuii. Anayenunua kwa rangi peke yake anaweza kukosea vibaya. Soma namba. 6001 ya Marekani na 6051 ya Ulaya zote ni za mvuke wa kikaboni. 6003 inaongeza gesi za asidi. 6059 ni ABEK1, yaani inabeba makundi manne ya Ulaya kwa pamoja. Ile 2091 bapa ya waridi ni ya chembechembe pekee: haina kaboni ya kuzuia mvuke wowote. 2097 inafanana nayo sana ila ina tabaka jembamba la kaboni la kupunguza harufu, na tabaka hilo si la kumlinda mtu anayepuliza rangi.

Vumbi la mawe na zege

Hapa ndipo 6200 yenye 2091 inapong'ara, na hapa pia ndipo watu hukosea hesabu. Filta ya P100 huzuia angalau asilimia 99.97 ya chembe ndogo kabisa za kipimo. Muuzaji atakutajia namba hiyo na kunyamaza. Hatakuambia kwamba barakoa ya nusu uso hupewa kipimo cha ulinzi cha 10 na OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani (usiichanganye na OSHA yetu ya Tanzania, majina yamegongana tu). Maana yake, hewa utakayovuta ndani inahesabiwa kuwa na uchafu moja ya kumi ya ule wa nje. Tofauti kati ya 99.97 na moja ya kumi inatokana na uvujaji kati ya ngozi na mpira.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye silika, ile sehemu ya mchanga na jiwe inayosababisha ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na OSHA ya Marekani tangu 2016 ni mikrogramu 50 kwa mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa saa nane. Ukizidisha kwa 10, barakoa hii inakutosha hadi mikrogramu 500. Kukata zege kavu kwa grenda ndani ya chumba, bila maji wala kivuta vumbi, kunaweza kuvuka kiasi hicho kwa urahisi. Kwa hiyo maji kwanza, barakoa baadaye. Mtu wa pili akimwagia maji kidogo kidogo pale diski inapokutana na jiwe, vumbi hupungua kuliko filta yoyote inavyoweza kukufanyia. Tumia mashine iliyotengenezwa kwa kukata na maji. Grenda ya kawaida ya umeme ikilowa ni hatari nyingine kabisa.

Vumbi linaloua ni lile usiloliona. Chembe kubwa hunaswa puani na kutemwa. Zile za chini ya mikromita 10, na hasa za karibu na 4, ndizo zinazofika kwenye vifuko vya hewa. Silikosisi haina dawa ya kuiponya, na mapafu yenye silika hushambuliwa na kifua kikuu kwa wepesi zaidi. Ndiyo maana mchimbaji anayechoronga mwamba mkavu chini ya ardhi Mererani, mponda kokoto na fundi wa marumaru wote wanahitaji filta ya P100 au ya P3, daraja la juu la Ulaya. Kitambaa kilicholowa maji hakitoshi, na barakoa ya hospitali haikutengenezwa kuziba usoni.

Mbao

Hatari ya seremala hudharauliwa kwa sababu vumbi lake lina harufu nzuri. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995, hasa saratani ya pua. Kabla ya saratani kuna pumu na upele: mninga, mvule na mpingo zote zinajulikana kwa kuwasha ngozi au njia ya hewa. Fundi anayepiga chafya kila akirandia mvule na kupona Jumapili ameshaanza kuwa na mzio.

Kwa mbao ngumu, 2091 inatosha na inakaa vizuri kwa sababu ni bapa, haizuii kuona ncha ya randa. Kwa MDF, yaani mbao za nyuzi zilizobanwa kwa gundi, mambo yanabadilika. Gundi yake hutoa fomaldehidi, hasa mashine ikipata moto, na 2091 haiigusi. Tafuta 6005 ya Marekani au 6075 ya Ulaya, pamoja na filta ya chembechembe juu yake. Baada ya kazi usijipulize nguo kwa kompresa. Unarudisha hewani vumbi laini kuliko yote, na kwa wakati huo barakoa kwa kawaida imeshavuliwa.

Kuchomelea

IARC ilitathmini moshi wa kuchomelea 2017 na kuuweka nao kundi la kwanza. Moshi huo ni chembe ndogo sana za metali zilizoyeyuka, zikawa mvuke, kisha zikaganda, kwa hiyo filta ya chembechembe ndiyo inayohusika. 2091 inafaa, lakini cheche huitoboa. Mahali penye cheche nyingi chukua 7093, ambayo ni P100 iliyofunikwa ganda gumu la plastiki, au 6035 kwa mfumo wa Ulaya. 2097 ina faida pale ozoni inapozalishwa kwa wingi, kama katika kuchomelea alumini kwa gesi ya arigoni. Katriji ndefu za kaboni huwa hazienei chini ya ngao ya kuchomelea, kwa hiyo ijaribu ukiwa umevaa ngao yako kabla hujalipa.

Mabomba na mabati yaliyopakwa zinki ndiyo yanayoleta ile homa ya jioni. Fundi anachomelea mchana akiwa mzima. Saa nne hadi kumi baadaye anatetemeka kwa baridi, ana homa, kiu, maumivu ya viungo na ladha ya chuma mdomoni. Kwetu hilo huitwa malaria na kumezewa dawa ya malaria, kisha likipoa lenyewe ndani ya siku moja au mbili, dawa inasifiwa. Ukimwona fundi ana "malaria" kila baada ya kazi ya mabati, angalia karakana yake kwanza. Kwangua au saga zinki sentimita chache kila upande wa kiungo kabla ya kuwasha, ukiwa umevaa barakoa, maana kusaga nako kunatoa vumbi. Chuma cha pua kina shida kubwa zaidi: kromu yake hugeuka kuwa ya aina inayosababisha saratani, na haitoi homa ya kukuonya.

Na yale maziwa? Karibu kila karakana ina imani kwamba glasi ya maziwa husafisha kifua cha mchomeleaji au mpaka rangi. Maziwa huenda tumboni. Moshi uko kwenye mapafu. Mwajiri anayegawa pakiti ya maziwa badala ya filta anatoa chakula, na chakula ni kizuri, ila asikihesabu kama kinga.

Rangi na thina

Kupuliza rangi hutoa vitu viwili kwa pamoja: matone madogo ya rangi na mvuke wa thina. Kwa hiyo unahitaji tabaka mbili. Chini katriji ya kaboni, 6001 au 6051. Juu yake pedi ya chembechembe, 5P71 au 5925, ikishikiliwa na kifuniko cha plastiki namba 501. Pedi lazima iwe nje. Ikikosekana, matone ya rangi hupaka uso wa kaboni na katriji inakufa mapema. Kifuniko cha 501 kisipobana mpaka kibonye pande zote, hewa hupita kando ya pedi. Usitumie pedi ya daraja la N kwa rangi za mafuta, maana N haikutengenezwa kustahimili mafuta. P ndiyo inayostahimili. Pedi hubadilishwa pumzi inapokuwa nzito, hata mara kadhaa kwa siku kwenye kazi kubwa.

Katriji yenyewe haikuoneshi kwamba imejaa. Kaboni hunasa mvuke mpaka nafasi ziishe, kisha inauachia. Ukisubiri usikie harufu ya thina ndani ya barakoa, umeshachelewa. Panga ratiba kabla. Kanuni ya kukadiria inayotumika sana inasema hivi: kwa kemikali inayochemka juu ya nyuzi 70 na yenye mkusanyiko chini ya sehemu 200 kwa milioni, tarajia takriban saa nane za kazi ya kawaida. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, kata muda huo nusu. Wa pwani wanaelewa hilo lina maana gani wakati wa masika. Tolueni huchemka kwenye nyuzi 111 na zaileni karibu 140, kwa hiyo hunaswa vizuri. Asetoni huchemka kwenye 56 na hupita mapema sana. Kiondoa rangi chenye kloridi ya methilini huchemka kwenye nyuzi 40 hivi, na kwa hicho 6001 haifai kabisa.

Usiache katriji wazi usiku kucha kwenye chumba cha rangi. Inaendelea kufanya kazi bila wewe, na mvuke ulionaswa jana husogea taratibu ndani ya kaboni mpaka upande wa pili, ili asubuhi pumzi yako ya kwanza iupokee. Ifungie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uandike tarehe na saa ulizotumia kwa kalamu ya wino mzito.

Rangi za gari za vijazo viwili, zile zinazochanganywa na hadna (kigumisho), ni habari nyingine. Hadna nyingi zina isosayaneti, kisababishi kikubwa cha pumu ya kazini. Hazina harufu ya kukuonya mpaka ziwe zimeshavuka kiwango cha hatari, na mtu ambaye mwili wake umeshaikataa anaweza kubanwa na kiasi kidogo mno. Nchini Uingereza, mamlaka ya afya na usalama kazini, HSE, hutaka mpulizaji wa rangi hizo avae barakoa inayolishwa hewa safi kwa bomba. Ushauri wetu ni huohuo: 6200 usiitegemee kwa kupuliza rangi ya hadna. Na hewa hiyo isitoke kwenye kompresa ya petroli inayovuta karibu na ekzosi yake. Kosa jingine la kila siku ni kuinua ngao au kuvua barakoa mara tu baada ya kupuliza ili kuangalia mng'ao. Ukungu umeshakuwa hauonekani lakini bado upo chumbani.

Shambani na ghalani

Kwa bomba la mgongoni, katriji ya mvuke wa kikaboni pamoja na pedi, au 60921 ambayo ina vyote kwa pamoja, inatosha kwa viuatilifu vingi. Lebo ya dawa ndiyo yenye neno la mwisho. Ila barakoa isikupe kiburi. Dawa nyingi za jamii ya oganofosfeti hupita kwenye ngozi, na bomba linalovuja mgongoni hukuingizia sumu zaidi ya pua yako. Hatari kubwa ni wakati wa kuchanganya, dawa ikiwa bado kali. Vaa glavu za nitrili na aproni wakati huo, kabla ya kufikiria barakoa.

Ghalani kuna mtego. Vidonge vya fosfidi ya alumini vinavyowekwa kwenye mahindi hukutana na unyevu na kutoa gesi ya fosfini. 6001 na 6051 hazizuii fosfini. Mtu anayefungua ghala lililofukizwa akiwa na barakoa ya kupakia rangi amejivika matumaini. Fungua milango, ondoka, acha hewa ipite kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, na asilale mtu katika chumba kinachopakana na ghala hilo.

Dhahabu na zebaki, kwa ufupi

Wachimbaji wadogo wa Geita, Chunya na Migori huchoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki ili zebaki iruke. Mvuke huo haunaswi na 2091 wala na 6001. Kuna katriji ya zebaki, 6009, yenye alama inayobadilika rangi ikijaa, na ya Ulaya ni 6096. Hata hivyo fedha hiyo ni bora inunue retoti, chombo kilichofungwa kinachorudisha zebaki kuwa kimiminika. Retoti inamlinda pia mke anayepika pembeni na mtoto aliye mgongoni, ambao hakuna aliyewanunulia barakoa.

Mahali ambapo usiivae kabisa

6200 huchuja hewa iliyopo. Haitengenezi oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, chini ya 19.5 barakoa yoyote ya kuchuja haikubaliki. Shimo la choo, karo, kisima kirefu, tangi la mafuta na pipa la molasesi vyote vinaweza kuwa chini ya hapo. Shimo la choo lina pia sulfidi ya hidrojeni, yenye harufu ya yai viza kwa kiasi kidogo, lakini ikizidi hupooza pua na harufu inatoweka. Anayesema "sasa harufu imeisha" yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Msiba wa shimoni huwa na maiti mbili au tatu kwa sababu wa pili na wa tatu hushuka kuokoa. Kazi hiyo inataka kipima gesi, feni ya kusukuma hewa, kamba na mkanda wa mwili, na mtu wa juu asiyeruhusiwa kushuka.

Kundi la pili ni kaboni monoksidi. Jenereta ndani ya banda, pampu ya petroli iliyoteremshwa kisimani, jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa: gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hakuna katriji hata moja kati ya tulizozitaja inayoizuia.

Kuvaa na kujipima

Weka kidevu kwanza, kisha pua. Mkanda wa juu ukae utosini, wa chini ufungwe nyuma ya shingo, halafu kaza pande zote mbili kwa usawa. Kisha jipime mara mbili, kila unapovaa. Ziba njia za hewa za filta kwa viganja (kwa 2091 bonyeza katikati ya filta kwa vidole gumba) na uvute pumzi taratibu: uso unywee kidogo na ubaki hivyo kwa sekunde tano hadi kumi. Halafu ziba vali ya mbele na upumue nje kidogo: uso uvimbe bila hewa kutoka puani. Ukisikia upepo machoni, rekebisha.

Ndevu zinavunja mzibo, hata za siku mbili. Kwa mwenye ndevu za kudumu, kwa sababu ya dini au kwa hiari yake, hakuna ujanja wa Vaselini wala wa kukaza mikanda. Jibu lake ni kofia yenye feni ya betri inayosukuma hewa iliyochujwa, isiyohitaji kugusa shavu. Ni ghali sana ukilinganisha na 6200, na ndiyo mwajiri anapaswa kuinunua. Mtandio nao usipite chini ya ukingo wa mpira. Panga kitambaa kianze nje ya mstari huo, na mikanda ibaki imara juu yake bila kuteleza.

Kwa kampuni, kujipima hakutoshi. Kuna kipimo cha kuvaa kofia ya plastiki na kunyunyiziwa dawa chungu au kitamu cha sakarini huku mtu akizungumza na kugeuza kichwa. Akionja, saizi au umbo halimfai. Hufanywa angalau mara moja kwa mwaka na pia mtu akinenepa, akikonda au akitolewa meno.

Kuosha, vipuri, na jinsi ya kukagua dukani

Toa filta kwanza. Filta na katriji haziguswi na maji. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 49 na sabuni laini, usitumie petroli wala thina. Kuua vijidudu, mililita 30 za jiki kwenye lita 7.5 za maji zinatosha. Suuza, kausha kivulini. Kagua vali ya kutolea hewa kila ukiosha: unywele mmoja au punje ya rangi iliyoganda chini yake inatosha kuingiza vumbi moja kwa moja. Vali za kuvutia ni namba 6893, ya kutolea ni 7583. Muuzaji asiyezijua namba hizo hana vipuri.

Kwenye boksi tafuta namba ya idhini inayoanza na TC-84A au TC-23C kwa bidhaa za Marekani, au alama ya CE yenye tarakimu nne pamoja na EN 140 kwa uso, EN 143 kwa filta za chembechembe na EN 14387 kwa katriji za gesi. Katriji iwe kwenye mfuko uliofungwa na tarehe ya mwisho ionekane. Iliyofunguliwa "ili mteja aone" imeshaanza kuvuta mvuke na unyevu wa duka, hata kama inaonekana mpya. Usiinunue hata kwa punguzo.

Na kabla mfanyakazi hajatoa fedha yake mfukoni, ajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania Bara, Namba 5 ya 2003, na ile ya Kenya ya 2007, zinamtwika mwajiri jukumu la vifaa vya kinga. Aombe kwa maandishi na ataje namba ya filta anayotaka. "Nipewe barakoa" ni ombi linaloweza kujibiwa kwa kitambaa. "Nipewe 6200 na 7093 jozi moja" haliwezi.